Posa ya Bwana wa Mbwa

Mama yangu aliamini kwamba vitabu vizuri vyote vimekwisha kuandikwa zamani, na waandishi wa siku hizi wanajisumbua tu. Alifundisha shule za msingi hapa kisiwani mpaka akaambiwa basi, sasa pumzika. Kupumzika hakukujua. Ndipo akaanza kutusomea. Kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri, sebuleni kwetu juu, Mji wa Kale, alikaa kwenye kiti chake kando ya rafu, akafungua riwaya kongwe ya Waingereza, akawa anasoma Kiingereza kwa macho na Kiswahili kwa mdomo. Sisi tulikaa mkekani, na kazi yetu ilikuwa kusikiliza na kukasirika.

Nasema kukasirika kwa sababu ndilo tulilolifanya zaidi. Nasikia kuna wapenda vitabu ambao wakikutana husema kwa zamu, mmoja akimaliza ndipo mwingine aanze. Kwetu zamu haikuwako. Kulikuwa na jirani yetu wa chini, muuza mahamri, mwenye sauti ya kusimamisha tuktuk iliyokwisha kukata kona, na hajapata kumwacha mtu wa kitabuni amalize uchumba wake bila ya kumpa shauri. Kulikuwa na rafiki yangu muuguzi, Mkristo kutoka Kaloleni, ambaye mtu yeyote akikohoa kitabuni yeye husema hicho kifua kikuu, na mara nyingi huwa ndicho. Kulikuwa na mimi, muuza dawa katika duka moja la Bondeni, ambaye hasira zangu ziko juu juu, hazihitaji kutafutwa. Mwanzo tulijaribu kukutania Mama Ngina, ufukweni, ili tupate upepo, lakini upepo ulifunua kurasa kuliko mama, na wauza mihogo nao wakawa na maoni yao. Tukarudi nyumbani.

Na kulikuwa na mzee wa Bondeni. Huyu alikuwa karani wa bandarini aliyestaafu, amefiwa na mkewe, na watoto wake wako mbali. Alinikuta siku moja dukani nimeficha riwaya chini ya meza ya dawa, akaniuliza ninasoma nini, nikamwambia habari za Jumamosi zetu. Jumamosi iliyofuata alifika kabla ya watu wote, kanzu imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, akakaa karibu na mlango. Hakusema kitu. Akarudi tena, na tena, na hakusema kitu.

Alikuwa anampenda mama. Nilijua kwa sababu kila wiki alikuja dukani kununua dawa ya kichwa, na kila wiki alipopokea pakiti yake aliuliza, "Na Mwalimu, yeye kichwa hakimuumi?" Nikamwambia jirani. Jirani akanicheka, akasema hayo mbona ya zamani. Muuguzi naye alikuwa akijua. Mama peke yake ndiye aliyekuwa hajui, au alijifanya hajui, maana yeye kila mtu alimwona mwanafunzi, na huyu alikuwa mwanafunzi mzuri, hapigi kelele.

Siku moja dukani nilichoka, nikamwambia, "Mzee, si umwambie tu?" Akasema kukataliwa hakumtishi, ameshakataliwa mengi bandarini. Kinachomtisha ni kwamba akikataliwa, kwa haya hataweza tena kuja Jumamosi, na siku nyingine yeye hana. Zile nyingine zote hupita tu. Nikampa pakiti yake ya dawa na ya pili juu yake.

Nami niseme wazi, sikuyapenda mambo haya. Baba alifariki nikiwa mdogo sana, na tangu hapo mama alikuwa wangu peke yangu, kama mswaki. Nilimhurumia mzee na nilimwonea kijicho, yote mawili kwa pamoja, na nikashindwa kuamua ni lipi la kwanza.

Riwaya ya msimu ule ilikuwa ya bwana mmoja mwenye mashamba, farasi na mbwa mkubwa asiyeachana naye, na ya binti wa kasisi, maskini, mwenye ulimi. Sisi majina ya Kizungu yalitushinda, kwa hiyo bwana tukamwita Bwana wa Mbwa na binti tukamwita binti wa kasisi. Tulifika katikati ya kitabu, mvua inanyesha huko kwao, binti yuko nyumbani peke yake, na Bwana wa Mbwa akaingia. Mama akasoma kwamba aliingia na viatu vya matope, mbwa nyuma yake, akasimama akaupa moto mgongo, akamwambia binti kwamba amefikiri, na ameona afadhali amwoe kabla ya msimu wa kuwinda.

"Ngoja," jirani akasema. "Yuwaja kuposa peke yake?"

"Na mbwa," mama akasema.

"Mbwa hahesabiwi! Mbwa ndiye mzee wa ukoo?"

"Hakubisha hodi," nikasema mimi. "Mumesikia hodi? Na viatu hakuvua. Matope ndani ya nyumba ya watu!"

Muuguzi akasema kwao mtu hawezi kwenda kujisemea namna hiyo, huja wazee na mnazi wao wa kunywa, na maneno hayaishi mpaka mnazi uishe. Jirani akauliza mama yake binti yuko wapi. Mama akasema amekufa. Shangazi je? Hana. "Basi na majirani!" akapiga kelele. "Mji gani huo mwanamume yuwaingia nyumba ya mwanamke na majirani wamelala? Wallahi ningekuwa mimi naishi tini yao, asingepanda hata ngazi moja!"

Mama akaendelea kusoma. Binti wa kasisi alimkataa, kwa maneno ya kurasa mbili nzima, na sisi tukapiga makofi. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Jirani alishikilia kwamba binti hakumkataa mtu, alikataa utovu wa adabu. Lau bwana angeleta wazee, halua na kahawa, akasema maneno kwa mzunguko kama watu, angekubaliwa saa ile ile. Mama akasema hapana, moyo wa mtu haununuliwi kwa halua, na mwandishi alijua alichokiandika. Jirani akasema mwandishi hakupata kuonja halua ya hapa. Jumamosi mbili zikaliwa na ugomvi huo, kitabu kimefunikwa, na mama akaapa hafungui ukurasa mwingine mpaka tushike adabu.

"Basi tumjaribie," jirani akasema. "Tumletee posa ya heshima, tuone. Mwalimu, wewe uwe binti, ukae ndani nyuma ya pazia. Mimi ni baba yako kasisi."

Mama alicheka mpaka akavua miwani. Akakubali, kwa kuwa alikuwa na hakika atashinda. Akasema yeye ndiye afaaye kuwa binti kwani katika sisi hakuna mwingine awezaye kunyamaza. Mimi nikawa upande wa binti, na muuguzi upande wa bwana. Akabaki mtu wa kusema kwa niaba ya Bwana wa Mbwa, maana mposaji mwenyewe haendi, hutuma wazee.

"Nitamsemea mimi," mzee wa Bondeni akasema pale mlangoni.

Tuligeuka sote. Nadhani hata rafu iligeuka. Jirani alinifinya paja mpaka nikapata alama.

Tulitazamia mchezo. Tulidhani wataleta kijipakiti cha halua kwenye mfuko wa plastiki, tucheke, tule, tuendelee na kitabu. Lakini muuguzi alinisimulia baadaye jinsi ilivyokuwa. Jumamosi iliyofuata, alipofika kwa mzee Bondeni, alimkuta amevaa kanzu mpya, koti, kofia ya kazi ya mkono na bakora mkononi. Juu ya meza palikuwa na sinia kubwa la shaba, halua imejaa, juu yake kawa la kufunikia, na juu ya kawa kitambaa cheupe. Muuguzi akauliza yote haya ya nini, na mzee akamjibu kwamba Bwana wa Mbwa ameshaharibu mara moja, hana nafasi ya kuharibu tena.

Wakaja kwa miguu, kutoka Bondeni mpaka kwetu, muuguzi na sinia kichwani na mzee nyuma yake. Sasa, mwenye kuujua Mji wa Kale anajua kilichotokea. Kwetu likipita sinia lenye kawa, na nyuma yake mtu mzima mwenye koti, hakuna anayeuliza kuna nini. Kila baraza waliyoipita watu walisimama kuwasalimia. Mmoja akauliza, "Kheri?" na mzee akajibu, "Kheri, inshallah," na jibu hilo lilitosha. Walipogeukia kichochoro chetu, wanawake walikuwa wameshafungua madirisha. Walipobisha hodi mlangoni kwetu, habari ilikuwa imeshafika sokoni.

Sisi juu hatukujua hilo. Mama alikuwa ndani nyuma ya pazia anachekacheka. Jirani alikuwa amejifunga kilemba cha leso na anakohoa kwa sauti nzito ili awe kasisi. Wageni wakaingia, wakavua viatu, wakaketi. Tukaamkiana kirefu, tukaulizana habari za wazima na za wagonjwa, na za farasi.

"Na mbwa?" kasisi akauliza.

"Mbwa tumemwacha, bwana."

"Alhamdulillahi," akasema kasisi.

Mzee akasafisha koo. Akasema wamekuja kwa jambo la kheri, wameona katika nyumba hii pana ua, na wanaye kijana wao anayeomba kulichunga. Maneno ya kawaida kabisa. Jirani akamuuliza umri wa kijana. Mzee akafikiri, akasema kijana amepita sitini.

"Ah!" nikasema mimi. "Kitabuni bado mbichi!"

"Kijana wetu," akaendelea kama hakunisikia, "mashamba hana."

"Hana vipi?" jirani akasahau sauti ya kasisi. "Si ana mashamba mpaka mtoni?"

"Hana. Ana vyumba viwili, Bondeni. Cha nyuma huvuja mvua ikiwa kubwa."

"Hiyo haimo kitabuni," muuguzi akasema kwa upole, akidhani mzee amechanganyikiwa.

"Imo. Katika sura muliyoiruka."

Nyuma ya pazia mama akasema, "Sijaruka sura mimi."

Na kicheko chake hakikusikika tena. Mzee alikuwa ameikamata bakora kwa mikono miwili, anaisemesha bakora, hatutazami sisi. Akasema kijana wao hajui kusema, ndiyo maana ametuma mtu, na mtu aliyemtuma naye hajui kusema. Akasema kijana ana goti linalomgombeza kila apandapo ngazi, na ngazi za nyumba hii azipanda kila wiki. Hupika wali mwenyewe, nao hushika chini kila siku. Mbwa hana, wala hakupata kuwa naye. Hukaa karibu na mlango kwa kuwa pale ndipo mtu aonapo vizuri uso wa anayesoma.

"Na akiambiwa la," akasema, "hana ugomvi. Ana ombi moja tu, asikatazwe kuja kusikiliza kitabu mpaka mwisho."

Nikamkasirikia mzee kwa kutaka kuniliza. Jirani yangu ana tabia moja, akiguswa moyo hula. Machozi yakimlengalenga alivuta sinia, akaondoa kitambaa, akaondoa kawa, akachota halua. Akanipa mimi, nikala. Muuguzi akala. Tulikuwa tunatafuna na kulia, midomo imejaa, mjomba alipoingia.

Mjomba ni mdogo wake mama, muuza udi na manukato, na tangu babu alipofariki yeye ndiye walii wa dada zake, mwenye kuwaoza. Jambo hilo hulichukulia kwa uzito mkubwa hasa kwa kuwa mambo mengine hawamsikilizi. Alipanda ngazi zetu anahema, ananukia kama harusi tatu.

"Dada yangu yuwaposwa," akasema, "na mimi niko dukani nauza ubani! Naambiwa na mnunuzi! Mnunuzi yuwanipa hongera, na mimi nasema ya nini!" Macho yakaangukia sinia. Akashika kichwa. "Mumeila?"

"Kidogo," jirani akasema.

"Halua ya posa hailiwi kabla ya jibu! Ikiliwa, posa imekubaliwa!"

"Nani kasema?"

"Bibi yetu!"

"Bibi yenu mwenyewe alikula ya wangapi?"

Muuguzi akajaribu kutuliza. Akamwambia mjomba asihofu, posa yenyewe ni ya Bwana wa Mbwa. Hapo ndipo alipoharibu kabisa, maana mjomba alitaka kujua mbwa gani. Tukamweleza, watu watatu kwa mpigo. Alivyotuelewa yeye ni kwamba dada yake ameposwa na Mwingereza mwenye mbwa, na alipoambiwa Mwingereza huyo ni wa kitabuni akazidi kupandisha. "Hata hayupo!" akasema. "Mtu hayupo na halua yake imeliwa!"

"Kaa tini," mama akasema kutoka ndani.

Mjomba akakaa. Alifundishwa na mama darasa la pili, na mwili wake haujasahau. Lakini mdomo ulikuwa bado walii. Akamtazama mzee wa Bondeni kutoka kofia mpaka soksi, akaelewa upesi kuliko tulivyoelewa sisi, akalainisha sauti.

"Dada," akasema kuelekea pazia, "mwari akiulizwa akanyamaza, kunyamaza kwake ndiyo idhini yake. Wewe si mwari. Mjane husema kwa ulimi wake, watu wakamsikia. Basi sema ndiyo au sema la, tujue."

"Sisemi mbele ya watu wenye halua midomoni," mama akajibu.

Tulimeza sote kwa pamoja. Tukangoja. Tuliposikia sauti yake tena ilikuwa ile ya kumaliza kipindi, akasema posa hujibiwa kwa wakati wake, sinia litarudishwa likiwa na kitu ndani, na sasa kila mtu aende kwake. Mjomba naye akaona atoe lake la mwisho. Akasema habari imeshaenea mtaa mzima, kwa hiyo mpaka jibu litoke, mposaji haukanyagi mlango huu, isije ikasemwa.

Mzee wa Bondeni aliinamisha kichwa. Jambo moja aliloliomba ndilo lililokuwa la kwanza kunyang'anywa. Alishuka ngazi polepole, na mimi nilisimama juu nikamsikiliza akishuka, nikatamani nimpige mjomba kwa kawa.

Wiki ile nyumbani ilikuwa ngumu. Mama alifuta vumbi rafu ambazo hazikuwa na vumbi. Aligombana nami kwa chumvi. Mwisho nikamuuliza jikoni, "Mama, wamtaka?"

"Mtu wa umri wangu," akasema.

"Hilo si jibu."

"Najua. Mimi ni mwalimu."

Nilitaka aseme la, na niliogopa atasema la. Usiniulize inawezekanaje. Nilipofikiria asubuhi zangu bila yeye kunichambua nilivyovaa, nililia. Nilipofikiria wali unaoshika chini kila siku Bondeni, nililia pia, na huo ni wali wa mtu mwingine. Mzee alikuja dukani, hakununua dawa. Aliuliza tu tumefika wapi kitabuni. Nikamwambia hatujasoma. Akasema, "Basi sijakosa kitu," akaenda zake.

Jumamosi ikafika. Mjomba alikuja mapema kulinda heshima ya nyumba, akatandika shuka mkekani, akakaa kama polisi wa benki. Mama akachukua kitabu, akavaa miwani, akafungua ukurasa. Kabla hajaanza tukasikia mtu akikohoa kichochoroni, kikohozi cha adabu, cha mtu asiyetaka kuonekana anakohoa. Nikachungulia. Mzee wa Bondeni alikuwa amekaa barazani nyumba ya pili, mkabala na dirisha letu, kanzu imenyooka, bakora magotini. Mlango hakuukanyaga. Baraza haikukatazwa na mtu.

Mama akasimama. Akavuta kiti chake kutoka penye rafu, kinakwaruza sakafu njia nzima, mpaka dirishani. Akafungua mbao zote mbili. Akakaa akaanza kusoma, na hakusoma kama alivyozoea kutusomea. Alisoma kwa sauti ya uwanjani, ya kusimamisha watoto mistari. Mjomba akafungua mdomo. Mama akamtazama juu ya miwani, na mdomo ukajifunga.

Kwa Jumamosi kadhaa ikawa hivyo. Watu wa baraza, ambao mwanzo walikuja kumtazama mposaji, wakaanza kuja kwa ajili ya kitabu. Muuza kahawa alihamishia dele lake pale. Mama akinyamaza kupumua, sauti zilipanda kutoka chini: "Mwalimu, huyo shemeji mwongo, usimsadiki!" "Rudia hapo pa barua!" Jirani alikuwa akiwajibu kutoka dirishani na kuwagombeza, wakati mwingine hadithi ilisimama robo saa nzima wao wakiteta. Mzee peke yake hakuuliza kitu. Na mjomba, aliyesema mbwa ni najisi na hadithi za uwongo ni upotevu wa wakati, alifika mahali akawa yeye wa kwanza kuja, na siku mbwa alipokufa kitabuni alipenga kamasi kwa leso yenye marashi, akasema ni vumbi la kitabu.

Mama hakutaja posa. Sinia lilikuwa jikoni, limesuguliwa linang'aa, linangoja.

Tulifika mwisho siku ya upepo mkali, nami nikakaa karibu na mama kumshikia kurasa zisijifunue. Kwa hiyo mimi niliona. Bwana wa Mbwa, sasa hana mbwa, amerudi kwa binti wa kasisi. Safari hii alibisha hodi, na mtaa mzima ukasema "Aaa!" Alivua kofia, akauliza tena lile swali, kwa maneno machache. Chini kichochoroni hakukuwa na hata kikombe kilicholia. Mama akafika mwisho wa aya. Nami nilikuwa nimeshatangulia kusoma kwa macho, nikajua kinachofuata. Kitabuni binti wa kasisi hasemi lolote. Anainamisha kichwa tu, na sura inayofuata watu wanakula keki.

Kidole cha mama kilikwama juu ya mstari ule. Nikadhani amechoka. Nilitaka kumwambia nimsomee mimi.

Akainua uso, akatazama nje.

"Binti akasema," mama akasoma, "ndiyo. Namtaka."

Nikatazama ukurasa tena. Haikuwamo. Mjomba aliacha kujipepea. Jirani alikuwa na hamri mdomoni na hakutafuna. Kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze, sikuwa na hasira na mtu yeyote. Nilikuwa nalia tu, wazi wazi, na sikujali nani ananiona. Kutoka barazani ikapanda sauti ya mtu asiyezoea kupaza sauti.

"Mwalimu, samahani. Sikusikia vizuri."

Mama akasogea dirishani mpaka miwani ikapata jua. Akamrudishia polepole, neno kwa neno, kama alivyokuwa akiwasomea imla watoto wa darasa la pili.

"Ndiyo," akasema. "Namtaka. Nukta."